Maswali yenu: kabro, mbuyu, plot ya jiwe na mikoko

Meseji za wiki hii karibu zote ni za nyumba na miti. Nimechagua nne.

*Tumetia kabro (vile vitofali vya zege vya kutandika chini) ua mzima, sasa joto halituishi na mvua ikinyesha maji yaja mpaka sebuleni. Mama, Tudor*

Pole mamangu. Kabro si mbaya, shida mumeiweka ukuta kwa ukuta, maji hayana pa kuzama. Hapa kisiwani Mombasa chini ni jiwe la matumbawe na linakunywa maji vizuri ukiliachia nafasi, kwa hivyo ng'oa kipande katikati ya ua, mbali na msingi wa nyumba, tia kokoto na mchanga halafu panda mstafeli. Kivuli chake utakihisi miguuni kwanza.

*Kontrakta asema mbuyu lazima ukatwe ndo nyumba itoshee. Nyali*

Ndugu yangu, ramani ni karatasi, mwambie mchoraji aichore upya. Mbuyu ukitoa maua kaa chini yake wakati wa magharibi, utaona ua linafunguka jua likizama, jeupe, linaning'inia kama kitambaa, na usiku popo waja kunywa asali yake na ndo wanaobeba chavua mti hadi mti. Nenda pale bustani ya Mama Ngina ufukweni uone watu wanavyopumzika chini ya mibuyu, hakuna mwavuli wa hoteli unaofikia hapo.

*Plot yangu ilichimbwa mawe zamani, ni mwamba mtupu. Kuna kitu kitamea? Utange*

Kitamea, na mfano unao karibu. Machimbo ya simiti ya Bamburi yalikuwa jangwa jeupe lenye maji ya chumvi chini, na 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti mle, akajaribu aina 26 zikashika 3 tu, na mvinje ndo uliokimbia. Lakini majani yake yakawa yanajazana chini hayaozi, basi wakaletwa jongoo, wale wenye miguu myekundu, wakatafuna yale majani na choo chao kikageuka udongo! Leo mle mna msitu, viboko na twiga. Kwa hivyo anza na mvinje na mnazi, majani usiyachome hata kidogo, na ukiona jongoo mwache afanye kazi. Miaka miwili mitatu subira tu, wallahi inafika.

*Nyuma ya nyumba kuna mikoko, naweza kujaza kifusi niongeze plot? Mikindani*

Hapana. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na hata kama sheria isingekuwepo ningekwambia hivyo hivyo. Shuka maji yakitoka uitazame ile mizizi ya mchu, aina moja ya mkoko, imesimama kwenye tope kama penseli, pale ndo mti unapumulia, lori moja la kifusi ukiifukia mti unakufa, na wimbi litakalokuja baadaye litakutana na ukuta wako moja kwa moja.