Maswali ya Wasomaji: Redio Mpya katika Vani ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina vani ya zamani ambayo redio yake ya awali ilikufa. Nimenunua redio mpya na kuifunga mwenyewe kwa kufuatisha rangi za nyaya, yaani nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Redio inawaka, lakini kila ninapozima gari inasahau saa na stesheni zote, na nikipandisha sauti kidogo tu inajizima. Fundi mmoja amesema redio ni mbovu na kwamba niirudishe dukani. Je, ni kweli?

JIBU: Usiirudishe kwanza, kwa sababu dalili zote mbili ulizozitaja zinaelekea zaidi kwenye nyaya za gari kuliko kwenye redio yenyewe. Redio nyingi zinazouzwa siku hizi hufuata mpangilio mmoja wa rangi: waya wa njano hupokea umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapowashwa, na mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Magari ya zamani hayakufuata mpangilio huo, kwani kila mtengenezaji alikuwa na rangi zake, na vani iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa huwa na viungo ambavyo hata mchoro wa kiwandani hauvitambui. Kwa hiyo waya wa gari hupimwa kwa mita ya umeme, haukubaliwi kwa rangi yake.

Kusahau saa na stesheni kunatokana na waya wa njano kuungwa mahali panapokatika umeme ufunguo unapozimwa. Weka mita kwenye volti za umeme mnyoofu (DC), gusisha ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha pima waya mmoja mmoja upande wa gari, ufunguo ukiwa umezimwa na baadaye ukiwa umewashwa. Unaoonyesha takriban volti 12 nyakati zote mbili ndio wa kuungwa na wa njano. Unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu ni wa mwekundu. Usipoupata wa kudumu, vuta waya mpya kutoka kwenye betri na uweke fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla ya moto kuzuka. Nakusihi usiziunge njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, ingawa wengi hufanya hivyo: redio itakumbuka stesheni, lakini ukisahau kuizima itaendelea kuimaliza betri gari likiwa limeegeshwa.

Tatizo la pili ndilo zito, na ndilo linaloua redio mpya nyingi katika magari ya zamani. Zamani ilikuwa kawaida spika kupewa waya mmoja tu wa chanya, huku upande wake wa hasi ukifungwa kwenye bodi ya gari, au spika mbili kuchangia waya mmoja wa hasi. Redio za wakati ule ziliundwa kwa utaratibu huo. Redio ya kisasa haiko hivyo: kila spika ina nyaya zake mbili, na zote mbili, pamoja na ule unaoitwa hasi, hubeba umeme wa sauti kutoka kwenye kikuza sauti cha ndani. Waya huo ukigusa bodi, umeme hupita njia ya mkato, yaani shoti. Redio yenye kinga hujizima jinsi yako inavyofanya, na isiyo na kinga huungua. Ndiyo maana nakuomba usiiwashe tena kabla ya kupima.

Ondoa kwanza terminali ya hasi ya betri, kisha tenganisha nyaya zote za spika na redio. Weka mita kwenye omu (Ω), yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, gusisha ncha moja kwenye waya wa spika na nyingine kwenye chuma kitupu. Mita isiposoma chochote, yaani ikibaki kama ilivyokuwa kabla ncha zake hazijagusa kitu, waya huo haujafungwa kwenye bodi. Ikionyesha sifuri au omu chache, umefungwa. Rudia kwa kila waya, halafu pima kati ya nyaya za spika ya kushoto na za kulia, ambazo nazo hazitakiwi kuwasiliana. Ukikuta zimefungwa kwenye bodi au zinachangia waya, usihangaike kutafuta kiungo kilipo ndani ya milango na kuta: vuta nyaya mbili mpya kwa kila spika moja kwa moja kutoka kwenye redio. Ni kazi ya jasho, hasa pale waya unapopita kwenye bawaba ya mlango, ambapo lazima uingizwe ndani ya mpira wa kinga ili usikatwe na ukingo wa bati.

Ukifika hapo, angalia pia maandishi ya nyuma ya spika. Redio nyingi huhitaji spika ya omu 4 au zaidi. Ya omu 8 itafanya kazi kwa sauti ndogo kidogo, lakini ya omu 2 isiungwe mpaka kitabu cha redio kiruhusu.

SWALI: Redio yangu inatoa mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Tatizo liko wapi?

JIBU: Mlio unaofuata mwendo wa injini hutokana na alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, na mara nyingi huingia kupitia kiungo dhaifu cha waya mweusi. Uondoe pale ulipofungwa, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha uufunge kwa skrubu na kishikizo cha mviringo. Mlio ukibaki, ondoa waya wa antena ukiwa umewasha redio: ukitoweka, kagua shina la antena, maana nalo linatakiwa kugusa chuma safi cha bodi.