Nina miaka 31 na chunusi bado zinatoka: nisubiri mpaka lini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nafanya kazi Mtumba, naishi Ilazo hapa Dodoma. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili. Mama alisema zitaisha nikimaliza shule, shangazi akasema nikiolewa, nilipoolewa nikaambiwa nikizaa. Mwanangu sasa ana miaka minne na chunusi ziko pale pale, ila zimehama. Zamani zilikuwa kwenye paji la uso, sasa ziko kidevuni na kwenye taya, kubwa, zinauma, na huzidi siku chache kabla ya hedhi. Mwaka jana niliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango. Duka la dawa walinipa krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, nikaipaka wiki mbili, uso ukawasha na kubabuka, nikaacha. Rafiki akaniletea krimu ya kopo, nikang'aa wiki tatu, sasa nimeharibika kuliko mwanzo. Je, chunusi huisha umri gani? Au ni hili vumbi la Dodoma?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na la umri, maana ndilo lililokuchelewesha kuliko yote: hakuna umri ambao chunusi zimepangiwa kuisha. Kwa vijana wengi hupungua wakishavuka miaka ishirini na kitu, kwa hiyo mama yako hakukudanganya, alisema alichokiona kwa wengi. Ila wapo wanaobaki nazo, na wanawake ni wengi zaidi kuliko wanaume. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2008 uliwauliza watu wazima zaidi ya 1,000. Wanawake wa miaka 30 hadi 39 waliosema bado wanapata chunusi walikuwa asilimia 35, na wanaume wa umri huo asilimia 20. Hata kwa wanawake wa miaka 40 hadi 49 ilikuwa asilimia 26. Ndoa na uzazi havitibu chunusi. Mimba inaweza kuzipunguza kwa mmoja na kuzizidisha kwa mwingine, kisha baada ya kujifungua homoni zinarudi zilikokuwa.

Zako zinaweza kuja kupoa zenyewe. Lakini usizisubiri, na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa zahanati moja wilayani Kondoa, alikuja binti wa miaka 19 mwenye chunusi kubwa za mashavuni. Kulikuwa na foleni ya watoto wenye homa, nikamwambia, "Ni ujana huo, zitaisha." Nilikutana naye tena miaka sita baadaye hapa mjini. Chunusi zilikuwa zimepungua kweli, lakini mashavu yote mawili yalikuwa na mashimo, na mashimo yale hayana dawa ya kupaka. Tangu siku ile simwambii mtu mwenye chunusi zinazouma asubiri.

Fanya jaribio dogo mbele ya kioo. Pitisha ncha ya kidole juu ya alama zako moja moja. Ile ambayo ni nyeusi lakini kidole kinapita laini ni doa tu. Doa hufifia, japo kwa ngozi zetu nyeusi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ile ambayo kidole kinazama au kinakwama ni kovu, na hilo litabaki. Kazi ya matibabu ni kuzuia alama za aina hii ya pili zisiongezeke, ndiyo maana napenda yaanze sasa.

Tuje kwenye krimu iliyokuunguza. Chunusi unayoiona leo haikuanza jana. Chini ya kila kinyweleo cha usoni kuna tezi ya mafuta. Homoni za jamii ya androjeni, zinazoitwa za kiume ingawa wanawake pia mnazo, huiamsha tezi itoe mafuta mengi. Wakati huohuo seli zilizokufa zinashindwa kutoka, zinagandamana na mafuta na kuziba tundu. Bakteria wanaoishi humo siku zote wanapata mahali pazuri pa kuongezeka, mwili unapambana nao, ndipo uvimbe na usaha vinakuja. Kuanzia tundu kuziba hadi wewe kuona kipele zinapita wiki kadhaa. Kwa hiyo ulipopaka wiki mbili, vipele vilivyotoka katika wiki hizo vilikuwa njiani tayari kabla hujafungua tyubu. Dawa ya chunusi huanza kuonesha dalili wiki ya sita hadi ya nane, na hukumu yake hutolewa wiki ya kumi na mbili. Na kwa kuwa inazuia zijazo kuliko kuua zilizopo, hupakwa eneo lote linalotoa chunusi. Kugusisha kwenye kipele kimoja kimoja, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii.

Kosa la pili halikuwa lako. Asilimia 10 ilikuwa nyingi mno kwa kuanzia. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya 10 kwenye vipele vyenye usaha, na haiunguzi sana kama hiyo ya 10. Ukaongeza na hewa yetu. Kuanzia Mei mpaka mvua zinaporudi, Dodoma ni upepo mkavu, ngozi inapauka hata kwa asiyepaka dawa yoyote. Mwenzako wa Tanga anaweza kuvumilia krimu ambayo hapa itakubabua.

Vumbi halisababishi chunusi. Nalisisitiza kwa sababu wanaoamini hivyo huishia kusugua uso kwa dodoki asubuhi na jioni, na kusugua kunavimbisha vipele na kuongeza madoa. Nawa mara mbili kwa siku, kwa vidole, kwa sabuni isiyo kali. Basi. Ndimu nayo iache. Juisi yake ikikaa usoni ukatoka nayo juani, inaunguza ngozi vibaya. Karanga nazo husingiziwa bure, sijaona ushahidi wa maana dhidi yake. Vinavyotiliwa shaka zaidi ni vitu vya sukari nyingi kama soda na chai ya sukari vijiko vinne, na kwa baadhi ya watu maziwa. Na kama paji la uso lingekuwa bado linakusumbua ningekuuliza kuhusu mafuta ya nywele, kwani yakishuka kutoka kwenye nywele zilizosukwa huziba matundu ya paji.

Kuhusu lile kopo, halinipi amani. Krimu inayong'arisha ndani ya siku chache, isiyo na lebo, mara nyingi ni mkorogo wenye steroidi kali kama klobetasoli, pengine na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, au zebaki, vitu ambavyo havitakiwi katika vipodozi nchini. Steroidi inatuliza wekundu na uvimbe haraka, ndiyo maana ulifurahi. Huku chini inaifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzalisha chunusi zake yenyewe, vipele vidogo vinavyofanana kama vimepimwa. Ukiacha, uso unalipuka, mtu anaogopa anairudia, na hapo ndipo watu wanapofungwa miaka. Usiirudie hata uso ukilipuka kwa wiki kadhaa. Usilitupe kopo pia, litie kwenye mfuko uje nalo kliniki tulione.

Kijiti nacho kina neno. Vijiti vyote tunavyotumia hutoa homoni ya projestini peke yake, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi, hasa za taya na kidevu. Lakini hukusema kama chunusi ziliongezeka baada ya kukiweka, nami siwezi kukihukumu kwa sababu tu kipo. Jaribu kukumbuka. Kama ziliongezeka, nenda kliniki ya uzazi wa mpango mzungumze njia nyingine kabla ya kukitoa, usije ukabaki bila kinga. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huwasaidia wengi kupunguza chunusi, ila havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu miguuni, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli.

Sasa utaratibu. Wiki mbili za kwanza usipake dawa yoyote, uiache ngozi ipone kutokana na kopo: sabuni laini, losheni nyepesi isiyo na manukato, basi. Kisha tafuta benzoili peroksaidi ya 2.5 au 5. Ukikosa, hata ile ya 10 uliyonayo itatumika hivi: paka asubuhi, kaa nayo dakika tano, nawa. Usiku, mara tatu kwa wiki mwanzoni, paka adapalini, dawa inayozuia matundu kuziba, ya asilimia 0.1 kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, uso ukiwa umekauka kabisa. Ukihisi ukavu, tanguliza losheni ndipo adapalini. Wiki za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka kidogo kabla ya kupungua, usikate tamaa hapo. Tumia taulo na foronya nyeupe, kwa sababu benzoili peroksaidi hupausha rangi na kanga yako nzuri itapata mabaka ambayo hayafuliki. Mchana paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, na mtandio au kofia ukitembea, la sivyo madoa yatazidi kuwa meusi. Ukipanga kupata mtoto mwingine, acha adapalini kabla, utumie asidi ya azelaiki, ambayo inafaa hata kwa mjamzito.

Usinunue vidonge vya antibayotiki mwenyewe. Doksisaiklini inasaidia, lakini huandikwa na mtaalamu, kwa takribani miezi mitatu, ikiambatana na benzoili peroksaidi ili bakteria wasizoee dawa. Humezwa na maji glasi nzima, na mjamzito haruhusiwi.

Uvimbe wako ni ule wa ndani unaouma, kwa hiyo hata ukianza haya, panga kuonana na daktari wa ngozi ndani ya mwezi huu. Nenda haraka zaidi kama hedhi yako inaruka miezi, au ndevu zinaota kidevuni, au uzito unapanda bila sababu, kwani inawezekana ovari zinatoa androjeni nyingi, na hapo vipimo vinahitajika kabla ya krimu. Zipo dawa zenye nguvu zaidi, kama spironolaktoni na isotretinoini. Zote mbili zinamdhuru mtoto aliye tumboni, na isotretinoini ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo hazitolewi bila njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Usikubali kuuziwa bila kuulizwa hilo.

Na kabla hujaanza chochote, kesho asubuhi simama karibu na dirisha, uso ukiwa umenawa, piga picha tatu: mbele, kulia, kushoto. Andika tarehe. Wiki ya kumi na mbili simama dirisha lile lile, saa ile ile, piga nyingine tatu, uniletee zote sita.