Muulize Mwalimu wa Karakana: Umeme au cherehani, nichague kipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Shuleni tumepewa fomu ya kuchagua kozi moja ya ufundi tutakayosoma sambamba na masomo ya kawaida: umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji au useremala. Marafiki zangu wote wameandika ushonaji, na mimi napenda sana nguo. Lakini nyumbani pasi ikiharibika au swichi ikilegea, naitwa mimi. Fizikia naiweza, ila hesabu zinanisumbua. Baba anasema ufundi ni wa waliofeli, na umeme ni kazi ya wanaume. Naogopa nikichagua vibaya nitashindwa kuendelea na masomo ya juu. Nisaidie.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hiyo swichi iliyolegea usiiguse tena mpaka umeme uzimwe kwenye swichi kuu na upime kwa tesita kuhakikisha waya hauna kitu. Nimefundisha umeme miaka mingi, na jambo hilo siwezi kuliacha lipite hata kwenye barua.

Sasa tuje kwenye fomu. Umenieleza unachopenda, lakini hujanieleza unachoweza kukivumilia, na kwangu mimi hicho ndicho kinachoamua. Kila ufundi una upande wake wa kuchosha, na upande huo ndio unaokula saa nyingi za siku. Gauni zuri unaloliona limevaliwa limetanguliwa na kupima mwili, kuchora patani (karatasi ya umbo la kukatia kitambaa), kukata, kupiga pasi kila mshono kabla ya kuanza mwingine, na kufumua. Kufumua hasa. Mkono wa gauni ukikaa upande, unainama na kifumulio, unatoa uzi pole pole bila kuchana kitambaa, kisha unaanza upya. Mwanafunzi anayefumua bila kununa ndiye ninayemwona akifika mbali kwenye ushonaji.

Umeme nao una yake. Wengi wanadhani ni kuunganisha waya taa ikawaka. Sehemu kubwa ni kuchimba mifereji ukutani kwa patasi na nyundo, kulaza paipu, kuvuta nyaya juu ya dari penye joto na vumbi huku umepiga magoti, halafu kuandika kwenye bodi kila saketi, yaani kila njia ya umeme, inakwenda wapi ili fundi atakayekuja baada yako asibahatishe. Omba ruhusa ya kushinda mchana mmoja katika kila karakana. Usikae mbele ya kazi zilizokamilika zilizotundikwa ukutani. Kaa karibu na wanaofanya hiyo sehemu ya kuchosha, ujiulize kama ungeweza kuwa nao hadi jioni, na kesho yake tena.

Ukiwa humo, chungulia pipa la taka. Nakwambia kwa dhati. Karakana inayofundisha kwa vitendo huzalisha mabaki: maganda ya nyaya zilizomenywa, vishina vya elektrodi za kuchomelea, vipande vya kitambaa, maranda ya mbao. Ukikuta vifaa vinang'aa kwenye rafu na pipa ni tupu wiki nzima, ujue wanafunzi wananakili notisi tu. Kozi ya namna hiyo usiiandike, hata kama jina lake linavutia. Angalia pia wangapi wanagombania meza moja ya kazi. Ukiwa mtu wa kumi kwenye koleo moja, utamaliza kozi mikono haijui kitu.

Kuhusu hesabu, sitakuficha: utakutana nazo kokote utakakokwenda. Hita ya maji ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 13. Unapata hivyo kwa kugawanya tu. Fundi asiyegawanya akaweka waya mwembamba wa taa, waya unapata joto ndani ya ukuta, ganda linalainika, na nyumba inaweza kuungua. Ukikimbilia cherehani, sketi ya duara ya kiuno cha sentimita 66 inakutaka uzidishe pai kwa mbili, kisha ugawanye 66 kwa jibu hilo ili upate nusu kipenyo cha kukata, karibu sentimita 10.5. Ukikosea, sketi haikai kiunoni na kitambaa kimeshaharibika. Seremala naye hupima pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 ili kona yake iwe mraba. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakichukia hesabu darasani wakizielewa mara tu jibu lilipokuwa na uzito mkononi, kwa hiyo usijihukumu mapema.

Baba usibishane naye. Mweleze kwa heshima kwamba Uswisi, nchi ambayo hakuna anayeiita ya waliofeli, karibu theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya msingi ya lazima huingia kwenye ufundi. Wengi wao hugawa wiki kati ya kazini na darasani, na tangu miaka ya 1990 wana mtihani maalumu unaowawezesha kuendelea na vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Kisha mwombe mfuatane kwenda kwa mwalimu mkuu, mkaulize mambo yatakayomtuliza na yeye. Cheti kinatolewa na nani, na waajiri na vyuo nje ya shule yenu wanakitambua? Ratiba ya kozi itakulazimisha kuacha fizikia au hesabu? Hili la pili ndilo lenye jibu la hofu yako. Kinachofunga mlango wa masomo ya juu ni kulidondosha somo ambalo vyuo vinalihitaji, na mara nyingi mwanafunzi hulidondosha bila hata kuambiwa maana yake. Kama kozi inakuachia yote mawili, hofu yako haina msingi mkubwa.

Na hilo la kazi ya wanaume, mimi ningeulizia vitu vya kushikika. Je, karakana ina ovaroli na glavu za saizi yako? Glavu kubwa kuliko mkono ni hatari, zinateleza kwenye kifaa. Kuna mahali pa wasichana kubadilishia nguo? Wakati wa mafunzo kazini, nani anakusimamia? Shule yenye majibu imejiandaa kukupokea. Isiyo nayo inahitaji kubanwa, na baba akiwa upande wako atabana vizuri kuliko wewe.

Unataka kujua ningechagua nini? Umeme. Barua yako imejaa nguo unazozipenda, lakini hakuna hata moja uliyoishona. Pasi na swichi umeshazishika, na wanaokujua wanakuita wewe. Hata hivyo, shinda kwanza hizo siku karakanani. Ukigundua kufumua hakukusumbui na dari linakukera, andika ushonaji, na sababu iwe hiyo, si marafiki.

Swali: Mwalimu, mimi ni mvulana, nimeandika elektroniki. Tatizo langu ni kwamba rangi ya kahawia na ya kijani nazichanganya. Ninyamaze tu?

Jibu: Usinyamaze, kijana wangu. Upungufu huu ni wa kawaida kwa wanaume. Katika jamii za Ulaya ya Kaskazini, ambako umechunguzwa sana, unampata karibu mwanamume 1 kati ya 12. Kwenye nyumba suala ni zito, kwa sababu katika nchi nyingi kahawia ni waya wenye moto, na kijani chenye njano ni waya wa ardhi. Kwenye elektroniki kuna nafuu kidogo. Kwenye rezista, kile kijisehemu cha kuzuia mkondo wa umeme ambacho thamani yake huandikwa kwa mistari ya rangi, mstari wa kahawia ni 1 na wa kijani ni 5, lakini multimita, kifaa cha kupimia umeme, itakwambia thamani yake bila kutegemea macho. Nenda ukapimwe macho, uombe kipimo cha Ishihara, kile cha vitone vya rangi vyenye namba ndani ambacho daktari Mjapani Shinobu Ishihara alikichapisha mwaka 1917. Kinafanyika kwa dakika chache. Majibu yapeleke kwa mwalimu wa karakana kabla fomu hazijafungwa, mwamue pamoja kama ubaki hapo au uhamie useremala.