Jibu: Stereo na homu thieta kwenye sebule moja

Salama mkuu. Kwa hiyo unahamia nyumba ndogo, huna nafasi ya seti mbili za spika, na unataka spika zilezile mbili zipige muziki na filamu. Amplifaya ya stereo usiiuze! Kwanza geuza risiva ya homu thieta (kile chombo kinachoendesha spika zote za filamu), tazama nyuma kama ina matundu ya PRE OUT, yanayotoa sauti kwenda amplifaya nyingine. Yakiwepo, toa waya za RCA (zile za sauti zenye ncha ya duara) kwenye FRONT L na R, yaani spika za mbele kushoto na kulia, ziingize kwenye amplifaya, tundu la HT BYPASS kama lipo; hilo linairuka volyumu ya amplifaya, risiva ndiyo inayoamua sauti. Spika zako kubwa mbili zifunge kwenye amplifaya. Ya katikati, za nyuma na sabufa zibaki kwa risiva. Ukitaka muziki, unawasha amplifaya tu.

Bila bypass, tumia AUX (tundu la kawaida la kuingiza sauti), lakini volyumu ya amplifaya iwe palepale kila unapotazama filamu. Mimi nimebandika kipande cha selotepu kwenye kitasa cha volyumu kama alama, kisha nikapima spika upya kwa maikrofoni ya risiva. Na waya za spika za risiva usizichomeke kwenye AUX kamwe, utaunguza vyombo.