Shangazi, mume wangu anataka kuuza Noah anunue Benzi la kufunguka paa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 4, tunaishi Rau hapa Moshi. Tuna Toyota Noah inayotupeleka kila mahali. Mwezi uliopita mume wangu alikwenda Arusha kikazi akarudi na picha kwenye simu: Mercedes-Benz CLK 320 ya mwaka 2001, paa lake ni la turubai na linajikunja lenyewe. Anayeuza ni mgeni anayerudi kwao, bei ni milioni 16. Akiba yetu sote wawili ni milioni 9, kwa hiyo anataka Noah iuzwe. Anasema lina viti vya nyuma, basi ni gari la familia kama mengine. Mama mkwe tunakaa naye, magoti yanamsumbua, na kila mwezi tunampeleka hospitali ya KCMC. Nilipouliza atakaa wapi, mume wangu alinuna, akasema tangu tuoane hajanunua hata kitu kimoja anachokipenda. Hilo ni kweli, Shangazi, na ndilo linaloniuma. Wifi zangu wanasema nambana kaka yao. Nimkatalie au ninyamaze? Na mama mkwe nimweleze?
Mama Wawili, Moshi

Marahaba, mwanangu.

Usimkatalie, na usinyamaze. Mwombe mkae mhesabu mikanda ya usalama.

Gari hilo lina viti vinne. Nyuma kuna nafasi mbili na mikanda miwili, na katikati hapakutengenezwa kwa ajili ya mtu kukaa. Nyumbani mko watano. Tena lina milango miwili tu: anayekwenda nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe, ainame, ajipenyeze. Mama mwenye magoti mabovu hapiti hapo, atakaa mbele. Baba anaendesha. Nyuma zimebaki nafasi mbili, na mnaozitaka ni watatu, wewe na wanao. Maana yake siku ya KCMC kuna mtoto anaachwa au anapakatwa. Mtoto wa miaka 4 hapakatwi kwenye gari. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia.

Nataka uanzie hapo kwa sababu swali la mikanda halimshambulii. Ukimuuliza "kwa nini unataka gari la namna hii," atajitetea. Ukimuuliza "siku ya kliniki nani anabaki," mtakuwa wawili mnaotafuta jibu moja.

Jibu langu basi: likiwa gari pekee la nyumba yenu, hapana. Likiwa la pili, Noah ikibaki, linazungumzika. Na hapo mchukue karatasi. Gari lenye zaidi ya miaka 20 linahitaji fedha nyingine pembeni mbali na bei yake, na kipimo ninachokiamini ni theluthi ya bei kwa mwaka wa kwanza. Kwenu hiyo ni kama milioni 5, isiyoguswa kwa jambo jingine. Jumla milioni 21, mkononi mna 9. Mkiuza Noah mnafikisha bei ya kununulia, halafu hamna hata ya kubadilishia oili. Akiiona hesabu hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe, hatasema wewe ndiye uliyemkatalia.

Lakini usiishie kwenye hesabu. Neno alilokuambia ni zito, na wewe mwenyewe umekiri ni kweli. Mwanamume aliyelea watoto na mama yake nyumba moja, akatamani kitu kizuri, hajakosa. Mwambie hivyo waziwazi kabla hujataja fedha. Kisha fungueni mfuko wa gari lake, wenye kiasi kinachojulikana kila mwezi, usioguswa kwa ada wala kwa bati. Kama yule mgeni atamuuzia mwingine, auze. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2003, na jingine litaonekana.

Tena niseme kwa haki, hajachagua vibaya. Injini yake ya V6 ya lita 3.2 ni ya kudumu, vali zake zinaendeshwa na cheni ya ndani na si mkanda wa raba, na ni ileile iliyofungwa kwenye Mercedes E 320 za miaka ile. Plagi, sensa na puli zake zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi bila kuhangaika sana. Vya paa ndivyo vinavyoagizwa nje kwa namba ya chasi, na mnaweza kusubiri wiki nyingi. Ukitaka kumpa wazo la kati, ni hilo: E 320 ya kawaida yenye dirisha la juu ina injini hiyohiyo, milango minne na mikanda mitano.

Siku fedha zikitosha, likagueni hivi. Tafuteni fundi wenu anayezijua Mercedes za umri huo na mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Asiwe fundi wa muuzaji. Mwambieni muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo, mlikute injini ya baridi.

Kwanza mwili. Gari lisilo na paa la chuma linabebwa na sakafu na vizingiti vya chini ya milango. Pandisheni tairi moja la mbele juu ya ukingo wa barabara, kisha fungueni na kufunga milango yote miwili. Mlango ukikwama au ukisugua, mwili umelegea, au gari liligongwa likaunganishwa. Halafu fundi aingie chini, agonge vizingiti kwa bisibisi, hasa pale pa kuwekea jeki. Bisibisi ikizama kwenye kutu, rudini Moshi. Hakuna punguzo la bei linaloponya hilo.

Pili paa, na hapa msiwe na haraka. Ndani ya buti kuna pazia linalotenga mahali pa kukunjia turubai. Lisipovutwa na kushikizwa, paa halifunguki kabisa, na wengi hudhani limeharibika. Likishavutwa mtaona pia buti lililobaki ni dogo kiasi gani. Injini ikiwa inanguruma, fungueni na kufunga paa mara tatu mfululizo. Liende bila kusita na bila mtu kulisukuma. Likisimama katikati, huenda ni betri dhaifu, swichi ndogo ya kuhisi, au oili ya haidroliki imepungua. Oili hiyo hupotea kwa kuvuja, na sehemu maarufu ya kuvujia ni silinda ya komeo lililo juu ya kioo cha mbele. Papaseni kitambaa cha pale juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Mkikuta doa la mafuta, silinda inatakiwa kushushwa na kubadilishwa sili. Mtu akijaza mafuta ya breki kwenye pampu ya paa, sili zote zinakufa, kwa hiyo fundi aangalie kilichomo kwenye chombo cha pampu huko kwenye buti. Kisha muuzaji awaonyeshe namna ya kulifunga kwa mkono umeme ukigoma. Kitabu cha gari kinaeleza. Kama kitabu hakipo na yeye hajui, mvua ya kwanza itawakuta barabarani paa likiwa wazi.

Fungeni paa, mwagieni maji kwa mpira dakika 10, mkielekeza kwenye pembe za vioo na kioo cha nyuma. Subirini robo saa. Ingizeni mkono chini ya zulia, mbele na nyuma, na kwenye shimo la tairi la akiba. Unyevu pale mara nyingi unatokana na mifereji midogo ya maji iliyozibwa na majani, chini ya waipa na nyuma ya viti. Kuzibua ni kazi ndogo, lakini maji yaliyokaa muda mrefu yameshafika kwenye nyaya. Harufu ya ukungu itawaambia yamekaa kiasi gani.

Injini ikiwa inazunguka polepole, fundi aitazame puli kubwa ya chini kwa mbele. Ina raba katikati, na raba ikiachana puli hucheza kama tairi lililopinda. Ikiachwa hula kifuniko cha injini. Kisha liendesheni mpaka Usa River na kurudi, mpaka limepata moto hasa. Harufu ya oili inayoungua mkisimama ni vifuniko vya juu ya injini vinavyodondoshea kwenye ekzosi. Likizima likiwa la moto na kukubali kuwaka likipoa, ni sensa ya krenki, inayohisi mzunguko wa injini, ugonjwa unaojulikana sana. Haya mawili yasiwatishe, yanarekebishika, yaombeeni punguzo.

Giaboksi ndiyo ya kuogopa. Ni ya otomatiki yenye gia tano, na haina kijiti cha kupimia oili cha kawaida. Hupimwa kwa kijiti maalumu oili ikiwa na joto la nyuzi 80, na fundi anayejaza kwa kukisia huiua. Plagi ya nyaya ubavuni mwake huvuja, na oili hupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta yake. Likianza kung'ang'ania gia ya pili, au likibadilisha kwa kishindo, msikubali maneno ya "ni oili tu."

Mkilinunua, huduma ya kwanza ni oili ya injini lita 8 na filta yake, plagi 12 (kila silinda ina mbili, na gereji isiyojua hubadilisha 6 ikasema imemaliza), maji ya rejeta, mafuta ya breki, oili na filta ya giaboksi, mkanda wa nje na puli zake. Tairi zisomwe tarakimu nne za mwisho za tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zikizidi miaka 6, hata zenye meno mazuri, zibadilishwe kabla ya kushuka mteremko wa Kikafu mkiwa na watoto. Mafuta mjini, tegemeeni lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100.

Kuhusu kuishi nalo Moshi: Machi hadi Mei paa litakuwa limefungwa karibu siku zote, na turubai lililolowa halikunjwi mpaka likauke, la sivyo linaota ukungu. Lisilale chini ya mwembe wala mparachichi. Kwenye kuoshea magari wakatazeni mashine ya presha kwenye turubai na raba za vioo, na wasilipake kile kipolishi wanachopaka kila kitu. Brashi laini, sabuni nyepesi na maji vinatosha. Msiache mkoba ndani mkiwa soko la Mbuyuni, turubai linachanika kwa wembe. Na jambo ambalo picha ya simu haionyeshi: paa likiwa wazi, upepo wote huzunguka na kuwapiga wa nyuma. Kizuia upepo kipo, ila kinafungwa juu ya viti vya nyuma, kwa hiyo watoto wakikaa hapo hakitumiki. Watoto wavae kofia za kufungwa, mwendo uwe wa taratibu, na safari iwe fupi ya jioni. Kwenda shamba Desemba, kwenye njia ya udongo na matope, ni kazi ya Noah.

Karatasi nazo. Muuzaji ni mgeni, basi ulizeni TRA, mamlaka ya kodi, kabla ya arabuni kama gari liliingizwa kwa msamaha wa kodi. Kama ndivyo, kodi inadaiwa likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, na si kidogo: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Jina kwenye kadi lifanane na la kitambulisho chake, namba ya chasi muisome kwenye gari lenyewe, faini za barabarani ziangaliwe kwa namba ya gari, na mkataba usainiwe mbele ya wakili. Ulizeni pia mapema kama kampuni ya bima itakubali kulikatia bima kubwa kwa umri wake.

Wifi zako wajibu kwa upole kwamba wewe na kaka yao mnapanga pamoja, kisha msipangie mbele yao.

Mama mkwe usimpelekee kama shauri. Siku ya kukagua, nendeni naye Arusha kwa Noah, wote watano, na kiti cha mtoto kiwe ndani. Mwombeni akae kwenye kiti cha mbele cha CLK kisha ainuke mwenyewe, maana liko chini sana na hata mbele magoti yatafanya kazi. Mwanawe aone kwa macho yake mama anavyotafuta pa kushika. Kiti cha mtoto kifungeni nyuma, mkubwa akae pembeni yake na kufunga mkanda, na wewe usimame nje ya mlango, umwache mumeo aangalie nafasi iliyobaki.