Si lazima chama kilipe

Hapana kaka, unasema siasa zimejaa kwenye simu yako kwa sababu chama kimelipa, ila si lazima iwe hivyo. Posti iliyolipiwa kama tangazo kwa kawaida huandikwa kuwa imedhaminiwa. Nyingine zinapangwa na programu yenyewe, inayokisia utabonyeza nini kwa kuangalia ulipokaa muda mrefu, ulipotoa maoni, ulichomtumia mwenzako. Na kugomba nako kunahesabika! Nyaraka za ndani za Facebook alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, mwaka 2021 zilionyesha kuwa mwaka 2017 alama ya hasira ilipewa uzito mara 5 ya ile ya kidole gumba (like) katika kupanga posti; 2020 wakaishusha hadi 0.

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, tukinywa kahawa, nililinganisha simu yangu na ya shemeji. Kurasa tunazofuata karibu ni zilezile. Yeye hajibakizi, kila mwanasiasa lazima amjibu. Mimi naangalia timu yetu ya mpira, Coastal Union, tu (na presha yake ninayo). Kwake mikutano ya hadhara mwanzo mwisho, kwangu magoli.

Ila wenye mtandao nao hugeuza mambo: Meta, wenye Facebook na Instagram, ilipunguza mapendekezo ya siasa Instagram Februari 2024, Januari 2025 ikatangaza kuyarudisha.