Kata simu kwanza

Mama mmoja alikuja kibandani kwangu asubuhi, simu kaibana kati ya sikio na bega, kiganjani kaandika namba kwa kalamu ya wino. Akafungua fundo la khanga, akaweka mezani noti za elfu kumi kumi, thelathini kwa hesabu. Hakunisalimia. Nikamwamkia mimi. Akanyanyua mkono kuninyamazisha, kisha akanisogezea kile kiganja: weka humo, haraka.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, na huu ni mwaka wa saba niko kwenye kiti hiki. Nikiona namba kiganjani na simu sikioni kwa wakati mmoja, moyo unanidunda. Nikamwambia mtandao umekata. Haukuwa umekata. Kwenye ile simu sauti ya mwanamume ikapenya hadi kwangu: "Mama usikate simu, daktari anasubiri hela ya damu, usikate." Kumbe mwanawe wa kidato cha pili, eti, kaanguka kwenye ngazi shuleni, yuko chumba cha upasuaji, na anayepiga ndiye mwalimu wa zamu.

Niliichukua simu sikioni mwake, jambo ambalo kwa mtu mzima si adabu hata kidogo, nikakata. Tukampigia matroni wa bweni, ambaye namba yake mama alikuwa nayo muda wote. Mtoto yuko darasani, mzima, na matroni akaongeza kwamba anadaiwa ndoo. Mama akakaa juu ya kreti la soda akalia. Alipomaliza akanigombeza kwa kumdanganya kuhusu mtandao.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza neno moja tu kwenye simu za watu: "usikate". Hospitali haijali ukikata simu. Benki haijali. Shule haijali, mwalimu atapiga tena au atampigia baba. Mwenye kujali ni tapeli peke yake, kwa sababu ukikata utapumua, na ukipumua utamuuliza aliye jirani yako. Ile haraka yote, zile kelele za wodini nyuma yake, ile lugha ya "dakika tano zimebaki", kazi yake ni kukubakiza hewani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayeniuliza hautofautiani: kata kwanza. Hata kama ni kweli, kata. Halafu piga mwenyewe, kwa namba uliyonayo wewe, si ile aliyokupa yeye.

Mtasema wakala ana mdomo. Haya, na mimi nimeingizwa mjini.

Ilikuwa Jumamosi, mabasi ya kutoka Dodoma yameingia kwa pamoja, foleni mbele yangu watu saba. Simu ikaita. Kijana mwenye Kiswahili kilichonyooka, mpole, akanitaja kwa jina la uwakala wangu, akanitajia na namba yangu ya wakala. Akasema wanahakiki mawakala wa Morogoro na laini yangu inafungwa saa sita mchana nisipohakikiwa. Ilikuwa saa tano na nusu. Akaniambia tufanye pamoja, taratibu, nisikate. Ingia kwenye menyu. Chagua moja. "Sasa weka namba ya kumbukumbu ya mtambo," akaitaja, tarakimu kumi, nikaweka. "Sasa weka namba ya uhakiki: nne, tano, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri." Nikaweka. "Malizia kwa namba yako ya siri, usinitajie, hiyo ni siri yako."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayekukataza kumtajia namba ya siri utamdhaniaje tapeli? Nikabonyeza. Ile namba ya kumbukumbu ilikuwa namba ya simu. Ile namba ya uhakiki ilikuwa shilingi 450,000. Nilikuwa nimemwekea mteja pesa, kwa menyu ile ile ninayoibonyeza mara mia kwa siku, na jina la mpokeaji lilitokea kwenye kioo kama kawaida kabla sijathibitisha. Sikulisoma. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, macho yako kwenye foleni. Kamisheni ya karibu miezi miwili iliondoka, na mteja wa kwanza kwenye mstari bado ananiuliza kama nina chenji.

Nilijiuliza kwa siku nyingi amelijuaje jina langu. Jibu lilikuwa ukutani kwangu, nimelibandika mwenyewe: jina la uwakala na namba, herufi kubwa. Na wewe usiye wakala, jina lako si siri vilevile. Yeyote mwenye namba yako anaweza kuanza kukutumia pesa, asome jina lako linapotokea, halafu asimalizie muamala. Hajakutumia hata senti, ila sasa anajua unaitwa nani kama ulivyojiandikisha. Akikupigia na kukutaja kwa majina yako, wewe unadhani ana mafaili ya kampuni ya simu. Hana faili lolote. Ana menyu kama yako.

Lakini jina lile lile ndilo kinga yako, ukiwa mtu wa kusoma. Ile meseji maarufu, "ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo", haimlengi mtu fulani. Inarushwa kwa namba nyingi kama mtu anavyorusha nyavu. Kati ya watu wote hao, yupo mmoja ambaye leo kweli anadaiwa kodi ya nyumba, anasema alhamdulillahi, mwenye nyumba kanikumbusha. Meseji yenyewe mara nyingine inatangulia kujihami: "jina litatokea la fulani". Ukiambiwa mapema jina litakalotokea si la unayemjua, jiulize kwa nini umeambiwa. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote. Nauli ya simu hiyo ni ndogo kuliko kodi ya mwezi.

Utapeli wa pili unaoniletea watu kibandani ni wa "samahani, nimekosea kutuma". Unapata meseji kuwa umepokea 80,000, sekunde chache baadaye mtu analia kwenye simu, ni hela ya dawa ya mama yake, umrudishie. Usiangalie meseji. Meseji mtu yeyote anaweza kuitunga. Angalia salio. Mara nyingi utakuta liko pale pale lilipokuwa jana. Na kama pesa imeingia kweli, bado usimtumie wewe. Mwambie apige huduma kwa wateja, kampuni irudishe muamala kwa utaratibu wake. Wapo wanaokutumia pesa halali, wakakuomba uirudishe kwenye namba nyingine, na huku wameshapiga kuomba kurudishiwa ile ya kwanza. Hapo unalipa mara mbili.

Kuhusu huduma kwa wateja, hapa Tanzania kampuni za simu zinatumia namba 100, na ndiyo inayotumika zikikupigia. Kenya, Safaricom wanapiga kwa 0722 000 000. Anayejiita mhudumu huku kioo kinaonyesha namba ya kawaida kama ya shemeji yako, usimwulize maswali ya kumtega, usijifanye mjanja wa kumpotezea muda. Nimeona wajanja wawili wakianza kwa kumchezea tapeli na kuishia kwenye kiti changu.

Simu za sauti iliyorekodiwa sizipi nafasi kubwa. "Hongera, bonyeza moja ujiunge." Usibonyeze. Wengi wanaolalamika vocha inayeyuka kila asubuhi walibonyeza siku moja wakiwa kwenye daladala wakasahau. Na ile simu ya nje ya nchi inayoita mara moja na kukatika, Wajapani wameipa jina, wangiri, yaani mlio mmoja na kukata. Anataka upige wewe, maana namba yenyewe ni ya gharama kubwa na sehemu ya pesa inarudi kwake. Kama huna ndugu nchi hiyo, acha ipite. Mwenye dada Muscat aijue +968 na ajue pia kwamba dada angeandika WhatsApp. Tena hapo WhatsApp: zile namba sita zinazokuja kwa meseji, mtu akikwambia "zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nitajie", ukimtajia tu akaunti yako imekuwa yake, na jioni ndugu zako wote wanakopwa kwa jina lako.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 tulidhani biashara hii imekufa. Haikufa, ilibadilisha vidole. Kijana wa mwavuli anakwambia mashine haijasoma, weka dole tena, na tena. Laini yako ni moja, zilizosajiliwa ni mbili. Piga *106# leo uone laini zilizoandikwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mteja wangu mmoja, fundi cherehani, alikuta tatu asizozijua. Ukikuta hivyo nenda dukani kwa kampuni husika zifutwe, maana siku polisi wakizifuatilia, mlango watakaogonga ni wako.

Ukishapigwa, aibu iweke pembeni kwanza. Mimi niliificha yangu kwa saa nzima, nikihudumia wateja kwa tabasamu kama mjinga, nikiogopa kusikika nikipiga 100 mbele yao. Nilipopiga, pesa ilikuwa imeshatolewa. Mhudumu aliniambia kwa upole kwamba wanaweza kuizuia ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, ikishatolewa taslimu inabaki kazi ya polisi. Kwa hiyo piga hapo hapo, hata kwa kuazima simu, ukiwa na namba ya muamala. Kisha kituo cha polisi, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Na meseji ya kitapeli isambaze kwenda 15040, pamoja na namba iliyokutumia. Namba ile haikurudishii pesa, ila namba ya tapeli inafungiwa, na tapeli asiye na laini ni kama dereva asiye na gari.

Nyumbani nako tumeweka neno letu. Mama yangu yuko Kilosa, umri umekwenda, na alikuwa mtu wa kuamini kila sauti inayomwita mama. Nikamwambia: mtu yeyote akikupigia kwa namba ngeni akasema ni mimi, muulize tulimwitaje yule mbuzi aliyekula mkeka wa msiba. Akishindwa kujibu, kata.

Mwezi uliopita nilikuwa Gairo, simu imezima, nimepungukiwa nauli. Nikaazima simu ya kondakta, nikampigia. Nikamweleza shida. Akaniuliza jina la mbuzi. Kwenye zile kelele za basi nikasema, "Mama, acha mambo ya mbuzi, gari linaondoka."

Akakata.